Funga, Tusikie Nani Atalia

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani za mababu, ni zamani za mwaka juzi tu, watu walipokwisha kuacha kuficha siri zao kabatini na kuanza kuzificha winguni, palikuwa na mwanamke mmoja aliyelinda ukuta. Jina lake Atuganile. Msimtafutie rungu wala kofia ya mgambo, hakuwa navyo. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, katika mji wa milimani ambako mvua hainyeshi tu, inahamia. Na niwaambie mapema, msije mkasema nimewavizia: hadithi hii ina mwanamke wa pili, Tusekile, aliyejifungua mtoto wa kike salama kisha akafa kwa kukosa damu. Hospitali ilikuwa na damu. Shikeni hapo hapo, maana ndipo penye uchungu.

Sasa ukuta. Kampuni ya Atuganile ilikodisha seva, lakini si seva za kushika kwa mkono. Unachukua mashine moja kubwa, unaigawa kwa akili wala si kwa msumeno, inakuwa mashine arobaini, na kila moja inajiona iko peke yake duniani. Wenyewe wanaziita seva pepe. Ukizikusanya nyingi, mteja anaambiwa vitu vyake viko kwenye wingu, naye anaangalia juu. Hospitali kumi na moja za mkoa ule zilipanga humo. Majina ya wagonjwa yalikuwa humo, na vipimo vyao, na dawa ambazo mtu anakunywa mkewe asijue. Vitu hivyo vikimwagika mtaani, ndoa zinavunjika kabla ya jioni. Ndiyo maana pakajengwa ukuta wa kuzilinda, ukuta usioonekana, wenye milango, na kila mlango una kanuni yake inayosema nani apite na nani arudi alikotoka. Atuganile alizisoma kanuni hizo, akafungua na kufunga. Aliifanya kazi hiyo vizuri, na sisemi hivyo kwa kumpamba.

Kabla yake mlinzi alikuwa Gwakisa. Fundi wa kweli, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Siku moja hospitali ya huko juu, penye mashamba ya chai, ililetewa friji ya kutunzia damu. Friji ya kisasa, ina laini yake ya simu ndani. Ikipata joto inatuma ujumbe, ujumbe unapita kwenye mlango wa ukuta, unaingia kwenye seva ya hospitali, na seva inampigia simu mtu wa maabara popote alipo, hata kama yuko harusini. Gwakisa aliitwa aufungue mlango wa kupitisha ujumbe huo.

Ilikuwa kazi ya kutulia. Anuani ya laini ile ilibadilika kila kukicha, kwa hiyo huwezi kuandika tu kwamba apite huyu peke yake. Ilitakiwa kutafuta njia ya kuitambua friji. Lakini wageni walioileta walikuwa wamesimama, utepe umeshakatwa, mpiga picha anasubiri taa ya friji iwake kijani. Gwakisa akaandika: apite yeyote, kutoka popote. Taa ikawaka, watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika, "Ya muda. Usifute." Kwenye nafasi ya mwenye mlango hakuandika kitu. Alisema atarudi wiki ijayo aitengeneze, na wiki ijayo mnaijua ninyi wenyewe.

Mwaka mmoja baadaye akapata kazi jijini. Alimkabidhi Atuganile kanuni mia sita kwa mchana mmoja, huku anakula. Atuganile akamuuliza, "Kaka, na hizi zisizo na mwenyewe, nitazijuaje?"

Gwakisa akacheka mbele ya ofisi nzima. "Dada, mimi nilikuwa najenga. Wewe umeletwa kufagia. Ukikwama nipigie, nitakufundisha."

Watu wakacheka naye. Atuganile aliihifadhi namba yake kwenye simu, na moyoni akaapa kwamba hata siku ukuta ukimwangukia, huyu mtu hatampigia. Mnaona ni jambo dogo? Haya, tuendelee.

Miaka miwili ikapita. Ndipo wezi wakaingia kwenye kampuni nyingine, mji wa jirani, kwa mlango wa zamani uliosahauliwa wazi. Mafaili ya wagonjwa yakaanikwa mitandaoni. Mwalimu mkuu mmoja akaacha shule. Bibi harusi mmoja akakataliwa, kwao wakarudisha mahari. Hapo wakubwa wote wakakumbuka kwamba kuta zina milango. Mzee Mwambene, mkuu wa kampuni ya Atuganile, mtu mzima mpole asiyempita mtu bila salamu, akapewa amri kutoka juu: mwezi usiishe pakiwa na mlango wazi usio na mwenyewe.

Akamwita Atuganile. "Binti yangu, tunayo mingapi?"

"Shikamoo mzee. Thelathini na mmoja."

"Marahaba. Waandikie wateja barua. Anayejibu, tuandike jina lake. Asiyejibu, tufanye kama siku zote. Funga, tusikie nani atalia."

Hiyo ndiyo desturi yao, na si yao peke yao. Mlango usiojulikana ni wa nani, unaufunga na kusubiri siku saba. Mwenyewe akikwama atapiga simu kwa hasira, utamfungulia na kumwandika. Kukiwa kimya, mlango haukuwa wa mtu, unaufuta. Ni njia nzuri. Nasema kweli ni njia nzuri, imeziba nyufa nyingi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anawakumbuka wahenga kwenye chumba chenye kiyoyozi?

Barua zikaenda. Ya hospitali ya huko juu ikamfikia Subilaga, mkuu wa maabara. Ilisema: kanuni namba 417, lango namba 8883, kama mnalitumia mtujulishe ndani ya siku saba. Friji haikutajwa, wala damu. Subilaga alikuwa na foleni ya watu wenye malaria mlangoni. Barua za namna hiyo alikwisha kupata nne mwaka ule, na jibu lake lilikuwa moja, alilofundishwa na aliyemtangulia. Akaandika, "Tumesoma, hatuna pingamizi," akagonga muhuri.

Na huyo Subilaga zamani alikuwa anaiendea friji ya damu asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili, akisoma kipimajoto na kuandika kwenye kadi. Ilipokuja friji yenye laini ya simu, kadi ikabaki inaning'inia tupu. Wenzake walipomuuliza alisema, "Friji yenyewe ina mdomo sasa. Ikiumwa itasema."

Milango thelathini ilimpa Atuganile kazi rahisi. Huo wa thelathini na moja, ule wa 417, ulimkera. Akafungua daftari la ukuta, linaloandika kila anayepita na kila anayekataliwa. Miezi mitatu nyuma, mlango ule ulipitisha ujumbe mara mbili tu. Akajiuliza ni nani huyu anayeishi kwenye nyumba na kutoka nje mara mbili kwa miezi mitatu. Akatoa simu. Jina la Gwakisa likatokea, kidole gumba kikawa juu yake. Akamsikia tena anavyocheka, akasikia lile neno la kufagia. Akairudisha simu kwenye mkoba. Barua ya hospitali ilikuwepo mezani na muhuri wake, hatuna pingamizi. Akaufunga mlango. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi akapiga simu mtu mmoja anafoka, lakini wa mlango mwingine. Ijumaa kimya.

Jumamosi mchana mti ukaangukia nyaya kule juu na umeme ukakatika. Jenereta ya hospitali ikawaka, ikahudumia wodi na chumba cha upasuaji. Ili ihudumie maabara lazima mtu aende akageuze swichi, na maabara ilikuwa imefungwa. Friji ikaanza kupata joto. Ikafanya kile ilichoundiwa, kwa betri yake ndogo ya dharura, ikalia. Ikauendea mlango, ikakataliwa. Ikarudi tena baada ya nusu saa, ikakataliwa, hivyo hivyo hadi betri ikaisha. Subilaga alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa robo saa kwa miguu, anamsuka mwanawe nywele, simu iko pembeni ina chaji na mtandao. Angepigiwa angekwenda. Hilo halina ubishi, mwanamke yule hakuwahi kuacha kwenda akiitwa.

Umeme ulirudi Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi Subilaga akaikuta friji ina baridi kama kawaida, lakini kipimajoto chake kinakumbuka. Akaona joto lilikofika. Chupa tisa za damu akazitoa moja moja, kwa mujibu wa taratibu akazitupa, akaagiza nyingine mkoani.

Saa nne asubuhi hiyo Tusekile akajifungua. Saa nne na nusu damu ikawa haikatiki. Mumewe, Asumwisye, mchuma chai, akavua koti na kukunja mkono wa shati. "Chukueni yangu, hata yote." Wakapima, haikuwa ya kundi lake. Gari la damu lilikuwa njiani, kwenye tope. Lilipiga honi getini saa saba na robo, na Tusekile alikuwa amekata roho saa saba kamili.

Na saa saba hiyo hiyo, mjini, Mzee Mwambene alipita mezani kwa Atuganile. "Siku saba zimetimia. Kuna aliyelia?"

"Hakuna, mzee."

"Basi futa."

Akafuta.

Jumanne Atuganile akasoma daftari la waliokataliwa. Akasimama, akaita watu. Jumapili yote wezi walikuwa kwenye mlango ule, 417. Wameusukuma mara elfu tatu na zaidi. Ungekuwa wazi kama Gwakisa alivyouacha, wangekuwa ndani ya ukuta, na hospitali zote kumi na moja zingekuwa uchi. Ofisi ikashangilia. Wakubwa wa juu wakapiga simu wenyewe: cheti cha heshima kitolewe Ijumaa, kiandikwe jina la aliyeokoa. Mzee Mwambene akamshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa.

Wenzake wakaenda kununua soda. Yeye akaendelea kusoma, kwa sababu ni mtu wa kumaliza ukurasa. Katikati ya mistari ya wezi akaona mstari usiofanana nayo. Laini ya simu ya hapa hapa nchini. Jumamosi saa tisa mchana, imekataliwa. Saa tisa na nusu, imekataliwa. Saa kumi, imekataliwa. Akahesabu mara arobaini na moja, kila baada ya nusu saa, kisha ikanyamaza. Ndipo akapiga ile simu.

"Gwakisa, kanuni 417 ilikuwa ya nini?"

"Ya friji ya damu kule juu, dada. Kwani umeifanyaje?"

Akapiga hospitali. Alichoambiwa huko mnakijua. Angeweza kuufuta ukurasa ule, hakuna mtu mwingine ambaye angeusoma, na Ijumaa angevaa kitenge kipya akapokee cheti chake. Aliuchapisha. Jumatano asubuhi akapanda nao mlimani, Mzee Mwambene akiwa kando yake kwenye gari. Gwakisa alishuka kwenye basi kutoka jijini, na nguo za safari mwilini. Subilaga aliwafungulia ofisi ya hospitali. Na Asumwisye alikuwa amekaa humo, ana karatasi na kalamu.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Mnajua msibani husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto wangapi, na chanzo cha kifo chake. Asumwisye alikuwa ameandika yote kwa mwandiko wa kujikaza, umebaki mstari mmoja.

"Daktari ameniambia niandike kutokwa na damu nyingi," alisema. "Hiyo naijua, niliiona. Wanawake wanatokwa na damu na wanarudi nyumbani. Karatasi hii nitamtunzia mtoto. Akijua kusoma ataniuliza mama alikufaje. Sitaki kumwambia ni mapenzi ya Mungu wakati kuna watu wanajua. Sitaki chochote kwenu. Sitaki ng'ombe, sitaki ubani wenu. Nipeni jina, nijaze."

Gwakisa akasema kwanza. "Mlango niliufungua mimi, bila jina, kwa haraka. Ningeandika neno moja, damu, hakuna mkono ambao ungeugusa. Lakini kwa miaka mitatu mlango wangu ulipitisha kilio cha friji, na siku zote hizo hakufa mtu. Kuacha bila jina, hilo ni langu. Kufunga si kwangu."

Subilaga akasema. "Barua niliijibu mimi, na kadi niliiacha tupu mimi. Ningeichungulia friji Jumamosi mara moja tu, mkeo angekuwa anakunywa uji sasa hivi. Lakini niliambiwa friji italia, na friji ililia, walioiziba mdomo ni wengine. Barua yao ilikuwa namba tupu, baba. Kunyamaza ni kwangu. Kuziba mdomo si kwangu."

Mzee Mwambene akavua miwani. "Amri ilikuwa yangu. Nilisema tusikie nani atalia, sikuuliza kama yupo asiyeweza kulia. Lakini mlango ule usingefungwa, wezi wangeingia Jumapili ile ile. Kuamuru ni kwangu. Na ningekuwa pale tena, mwanangu, bila kujua ninayoyajua leo, ningeamuru tena."

Akabaki Atuganile. Aliweka ukurasa mezani, mistari arobaini na moja amepiga kalamu nyekundu.

"Mkono ni wangu," alisema. "Wote hawa hawakuwa na shaka. Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na namba ya anayejua, na kidole kiko juu yake. Sikupiga kwa sababu alinicheka. Ni hivyo tu, kaka yangu. Sina la kuongeza."

Gwakisa akainamisha kichwa. Asumwisye akautazama ule ukurasa muda mrefu.

"Hao wezi," akauliza, "wangeingia wangechukua nini?"

"Majina," akajibu Atuganile. "Ya wagonjwa wote wa hospitali kumi na moja, na dawa wanazotumia."

"Hata wanaokuja kuchukua dawa Alhamisi, kwa mlango wa nyuma?"

"Hata hao."

Asumwisye akafumba macho. "Dada yangu ni wa Alhamisi. Mumewe hajui. Angejua angemuua." Akafungua macho na kumtazama Atuganile usoni. "Kwa hiyo nikushukuru?"

Chumba cha pili mtoto alikuwa analia, wanatafuta mtu wa kumnyonyesha.

Najua mmeshaanza kunong'ona. Wewe unasema Gwakisa, neno moja tu lingetosha. Sawa, lakini wangapi humu mmeacha kitu mkisema mtarudi wiki ijayo? Wewe unasema Subilaga. Mlipe basi wewe kazi ya watu watatu anayoifanya peke yake, ndipo umhukumu kwa barua ya namba. Wewe unasema mzee, maana wakubwa ni rahisi kuwasema wakiwa hawapo. Na wewe, dada, unayeinama, unamsema Atuganile kwa kuwa alikiri. Angeuchana ukurasa ule ungemsifu leo, usingejua lolote, na jina lake lingekuwa kwenye cheti tu.

Basi mimi nimemaliza, nawaachia ninyi mzigo. Karatasi ni mbili. Ya Ijumaa imeshaandikwa jina la Atuganile kwa wino wa dhahabu. Ya kesho ina mstari mmoja mtupu, Asumwisye ameshika kalamu, na mtoto atakuja kuusoma. Je, nani alistahili kuandikwa pale? Na kama mtasema ni yule yule wa Ijumaa, nani kati yenu atakwenda kumwambia dada wa Asumwisye kwamba mkono uliomlinda ndio uliomuua wifi yake?